Barua ya wazi kwa wafanyabiashara wanaoishi kwa maji ya Mto Ruvu

Kwa wamiliki na wakurugenzi wa viwanda, hoteli, mabenki na kampuni za Dar es Salaam na Pwani.

YAH: KURUDISHA MISITU YA ULUGURU

Ndugu zangu,

Ombi langu nalitaja mapema ili msome mkijua ninakotaka kuwafikisha. Naomba fedha za kurudisha misitu ya milima ya Uluguru ziingie kwenye gharama zenu za uendeshaji, pamoja na umeme, dizeli na mishahara. Zisiendelee kuchotwa kwenye fungu la misaada ya jamii, ambalo hukatwa kwanza kila mauzo yanaposhuka.

Kumbukeni Oktoba 2022. Mvua za vuli zilichelewa, Mto Ruvu ukanywea, na mitambo miwili mikubwa inayolisha jiji, Ruvu Juu na Ruvu Chini, ikakosa maji ya kutosha ya kuvuta. Mitambo hiyo ikifanya kazi kwa uwezo wake wote hutoa lita milioni 466 kwa siku. Wakati ule uzalishaji ulishuka hadi kama lita milioni 300, na mgawo wa maji ukatangazwa. Mitaani watu walipanga foleni na madumu. Kwa mwenye kiwanda cha vinywaji, cha nguo au cha saruji, kwa mwenye hoteli yenye vyumba mia, mgawo una bei yake: boza la maji linalolipiwa fedha taslimu, kisima kirefu kinachochimbwa kwa haraka na pengine kutoa maji ya chumvi, zamu ya usiku inayofutwa, oda inayochelewa. Gharama hizo mlizilipa. Hakuna aliyewauliza kama mnaamini mabadiliko ya tabianchi au la.

Mto uliowatesa mwaka ule unaanzia huku kwetu. Mgeta, Mfizigo, Mvuha na vijito visivyo na idadi vinashuka kutoka Uluguru, vinakutana mabondeni na kuwa Ruvu, kisha mto unapita Pwani hadi baharini karibu na Bagamoyo. Upande wa mashariki wa milima, unaotazamana na pepo za Bahari ya Hindi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata mvua isiponyesha, ukungu unaokumbatia vilele hugeuka matone juu ya majani na kuvumwani za miti, na matone hayo huingia ardhini. Chini ya miti mikubwa udongo umejaa majani yaliyooza na vishimo vya mizizi ya zamani. Mvua ya Aprili inamezwa humo na kutolewa polepole, Julai, Agosti, Septemba, wakati mawingu yamekwisha. Huo ndio mtiririko wa kiangazi ambao pampu za Ruvu zinautegemea.

Ukiondoa miti, mvua ni ile ile lakini mto unabadilika. Maji yanateleza juu ya ardhi ngumu, yanabeba udongo, yanafika chini yakiwa mekundu, yote kwa mara moja na kwa kishindo, na miezi mitatu baadaye hakuna kilichobaki mlimani cha kutiririka. Tope hilo nalo lina bili. Maji machafu yanahitaji dawa zaidi na machujio yanayosafishwa mara kwa mara, na gharama hiyo mtumiaji huilipa, iwe kwa bei ya maji au kwa huduma inayosuasua. Sisi wa Morogoro mjini tunalijua hili kwa Bwawa la Mindu, ambalo mchanga na tope vimekuwa vikilipunguzia kina mwaka baada ya mwaka. Sasa taifa linajenga Bwawa la Kidunda, la mita za ujazo milioni 190, ili Dar es Salaam isirudi tena kwenye hali ya 2022. Ninaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini Kidunda litapokea maji ya milima hii hii, pamoja na tope la milima hii hii. Kutumia mabilioni kwenye ukuta wa bwawa na kuacha miteremko inayolijaza ikiwa wazi ni hesabu mbovu, na ninyi mnaojua hesabu mnapaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Sitaki kuwadanganya kwamba ukame wa 2022 ulisababishwa na ukataji miti peke yake. Mvua zilikosekana kwenye eneo kubwa la Afrika Mashariki, na katikati ya mto kuna mashamba ya umwagiliaji na mifugo vinavyotumia maji kabla hayajafika kwenye mitambo. Ninachosema ni hiki: dunia inavyozidi kupata joto, mvua zetu zinazidi kuja kwa vipindi vya ukatili, kiangazi kirefu kisha gharika. Mwaka mmoja tu baada ya mgawo ule zilikuja mvua za El Niño. Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliua watu zaidi ya 80 kule Hanang, na Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya maji. Milima yenye msitu haizuii ukame wala gharika, ila hupunguza makali ya vyote viwili. Wakati huo huo miti inayokua inanyonya hewa ya ukaa na kuihifadhi kwenye mbao, mizizi na udongo. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilikadiria kuwa kilimo, misitu na matumizi mengine ya ardhi vilichangia kama asilimia 22 ya gesi joto zote za dunia mwaka 2019. Kwa nchi kama yetu, yenye viwanda vichache, ufyekaji wa misitu unazidi moshi wa mabomba yenu. Kwa hiyo hapa ndipo mchango wetu kwa dunia ulipo, na bahati nzuri ndipo faida yetu wenyewe ilipo pia.

Najua wengi wenu mtajibu kwamba tayari mnapanda miti. Nimeziona siku hizo: fulana mpya, mgeni rasmi, mabango, miche iliyopangwa kwenye makopo na picha za pamoja. Tufanye hesabu kidogo. Kampuni ikipanda miche 5,000 kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, inafunika hekta nne na nusu hivi, kama miche yote itapona. Tathmini ya taifa ilionyesha kuwa Tanzania ilikuwa ikipoteza hekta kama 469,000 za misitu kwa mwaka. Hizo ni hekta 53 kwa saa. Siku nzima ya kampuni yenu, pamoja na hotuba, inafidia msitu uliopotea ndani ya dakika tano. Na miche mingi ya siku hizo haiponi, kwa sababu hakuna aliyelipwa kuirudia wakati wa kiangazi, kuipalilia, kuilinda na moto wa Septemba na mbuzi wa Oktoba.

Halafu kuna suala la aina ya miti. Mikaratusi hukua haraka na hupendeza kwenye picha ya mwaka wa pili, lakini ukiijaza kwenye kingo za chemchemi unakausha kile ulichokuja kukiokoa. Kando ya mito ya Uluguru panahitajika mikuyu, mikangazi, mitalawanda na ndugu zake wa asili. Mikaratusi ina nafasi yake, kwenye mashamba ya kuni na nguzo yaliyo mbali na vyanzo vya maji, na kwa kweli inahitajika huko ili watu wasiingie msituni kutafuta kuni.

Kurudisha msitu ni kazi ya miaka mingi, na nchi hii imewahi kuifanya vizuri. Shinyanga ilikuwa imebaki jangwa tupu. Mapori yalifyekwa tangu enzi za ukoloni ili kuwaangamiza mbung'o, yakafyekwa zaidi kwa pamba, na mifugo ikazidi. Mwalimu Nyerere alipopita huko mwaka 1984 alishtushwa na hali aliyoiona, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu wa mradi huo walifanya jambo la busara kubwa: walianzia kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kutenga sehemu ya malisho ipumzike hadi kiangazi. Kulikuwa na ngitili za kaya na ngitili za kijiji, kila moja na sheria zake. Mradi ulipoanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi vilikuwa hai ardhini, vikiachwa vinachipua. Dodoma leo maelfu ya wakulima wanafanya vivyo hivyo chini ya jina la Kisiki Hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unayalinda. Kinachohitajika ni panga, maarifa na subira.

Zingatieni muda. HASHI iliendelea miaka 18, hadi 2004. Hakuna kampuni ambayo ingeweza kuweka matokeo yake kwenye ripoti ya robo mwaka.

Na zingatieni jambo la pili, ambalo kwetu Uluguru lina kumbukumbu chungu. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango mkubwa wa kuokoa udongo wa milima hii. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema. Njia ilikuwa amri: kila mkulima achimbe matuta ya ngazi, asiyechimba apelekwe mbele ya baraza na kutozwa faini. Matuta yale yalifukua udongo mbovu wa chini na kuufunika ule wenye rutuba, mazao yakadumaa, na akina mama, ambao kwa Waluguru ndio ardhi ya ukoo hupitia kwao, wakaona jasho lao likiharibu mashamba yao wenyewe. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Wazee wanaisimulia habari hiyo mpaka leo. Anayekuja na miche na ramani aliyoichora mjini, bila kukaa na koo zenye ardhi, ajue kwamba watu wa milimani wameshamwona mtu wa namna hiyo.

Mkulima wa Kibungo au Kinole, huku milimani, hafyeki mteremko kwa ujinga. Ana robo tatu ya ekari, watoto shuleni, na mazao ambayo lazima yatoke mwaka huu. Mkimwomba aache mita 60 kando ya kijito, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka, mnamwomba aache chakula chake ili maji yafike Mikocheni. Ombi hilo ni la haki iwapo tu anayefaidi analipa.

Hapa Uluguru jambo hilo limewahi kujaribiwa. Mashirika ya WWF na CARE yaliratibu malipo kwa wakulima wa Kibungo Juu, kwenye bonde la Mfizigo, kwa kupanda miti, kuchanganya miti na mazao, kuchimba matuta waliyoyachagua wenyewe na kuacha kulima sehemu korofi. Walipaji upande wa chini walikuwa wawili: DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji ya jiji wakati ule, na Coca-Cola Kwanza. Nawapa heshima yao. Wakulima walijitokeza kwa mamia. Lakini walaji wa Mto Ruvu ni wengi mno kuliko wawili, na mzigo unaobebwa na wawili hutuliwa mapema. Mahali penu palikuwa wazi pale mezani. Bado pako wazi.

Wenzetu wa Nairobi walikwenda mbali zaidi. Machi 2015 walizindua Mfuko wa Maji wa Tana Juu. Waliokaa mezani ni kampuni ya maji ya jiji, KenGen wanaozalisha umeme kwa mabwawa ya Tana, wenye viwanda vya bia, vya soda na vya mboga, pamoja na shirika la The Nature Conservancy. Kabla ya kuomba senti ya mtu walipiga hesabu, na hesabu ilisema kuwa dola milioni 10 zikiwekwa kwenye miteremko ya Murang'a na Nyeri zitaleta faida ya dola milioni 21.5 kwa miaka 30, kwa kupungua tope mitamboni na mabwawani, umeme zaidi na mavuno bora ya wakulima. Mkulima anapata miche, majani ya malisho ya kushika kingo, na bwawa dogo la kuvuna mvua. Kampuni inapata mto tulivu. Hakuna aliyefanyiwa hisani.

Tunahitaji mfuko wa namna hiyo kwa ajili ya Ruvu. Najua pingamizi lenu kubwa, na lina uzito: nikilipa mimi na mshindani wangu asilipe, yeye atakunywa maji yangu bure na kuuza kwa bei ya chini. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwenu nyote, na ndiyo maana nataka Shirikisho la Wenye Viwanda na Chemba ya Wafanyabiashara walibebe jambo hili. Kila mwanachama achangie kwa kiasi cha maji anachotumia, kiwango kimoja kwa kila mita ya ujazo, awe anavuta bombani au kisimani. Shirikisho lenu likilikubali, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ipo hapa Morogoro, Wakala wa Huduma za Misitu upo, halmashauri zipo. Pingamizi la pili, kwamba tunalipa kodi na hii ni kazi ya serikali, naliheshimu kidogo kuliko la kwanza. Serikali inailinda Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, hekta zipatazo 24,000 zilizotangazwa mwaka 2008, na kazi hiyo iendelee. Lakini ardhi inayohitaji kurudishiwa miti iko chini ya mpaka wa hifadhi, mikononi mwa koo na vijiji. Kodi haimlipi mtu binafsi ili apumzishe ekari yake.

Fedha hizo zitumikeje? Lipeni kwa mti uliopona, msilipe kwa mche uliochomekwa. Malipo yaje kila mwaka baada ya kukaguliwa na kamati ya maliasili ya kijiji pamoja na mtaalamu, na mkataba usipungue miaka kumi. Vitalu vya miche viwe vijijini, vikiendeshwa na vikundi vya wanawake na vijana wanaojua mbegu za asili zinapatikana mti gani na mwezi gani. Panapochipua penyewe, lipeni ulinzi dhidi ya moto, maana ulinzi ni rahisi kuliko kupanda. Wenye biashara ya viungo wana nafasi ya pekee: iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga za Uluguru hustawi pamoja na miti mikubwa, na mnunuzi anayesaini mkataba wa kununua kwa bei inayojulikana mapema anafanya kazi ya bwana misitu bila kuvaa sare. Mabenki yanaweza kutoa mikopo ya miaka mitano au sita kwa mkulima anayehama kutoka mahindi ya mteremkoni kwenda karafuu, kwa sababu karafuu haizai kesho. Na kila mmoja wenu aanze na jiko la kantini yake. Mpango wa taifa ni kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kiwanda kinachochangia msitu huku wafanyakazi wake wanapikiwa kwa magunia ya mkaa kinajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Neno kuhusu biashara ya kaboni, maana najua baadhi yenu mmeanza kuiulizia. Inaweza kusaidia. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimepata mabilioni ya shilingi kwa kulinda misitu yao, na vimejenga zahanati na madarasa kwa fedha hizo. Lakini kampuni inayonunua hewa ya ukaa ya mkulima ili iendelee kutoa moshi ule ule haijatatua kitu. Punguzeni kwanza wa kwenu. Na mikataba iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ikieleza wazi nani anapata shilingi ngapi na kwa miaka mingapi.

Tanzania iliahidi, chini ya mpango wa Afrika wa AFR100, kurudisha hekta milioni 5.2 za ardhi iliyoharibika ifikapo mwaka 2030. Mwaka huo uko mlangoni. Serikali peke yake haitafika, wafadhili wa nje wanapunguza mifuko yao, na wakulima wa milimani wameshatoa zaidi ya sehemu yao.

Ombi langu la mwisho ni dogo na linaweza kutekelezwa mwezi huu. Wekeni jambo hili kwenye ajenda ya kikao chenu cha bodi kijacho. Wahasibu wenu walete hesabu ya kile mlichopoteza kwa mgawo wa 2022, na mwalikeni mwenyekiti wa kijiji kimoja cha Uluguru aketi nanyi mezani, aulizwe anahitaji nini ili mteremko wake urudishiwe miti. Nauli yake ya basi ni ndogo kuliko bei ya boza moja la maji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Morogoro